Njia ya Roma na Njia ya Ziwa Tanganyika

Mkatekumeni anayekisoma kitabu cha Matendo ya Mitume mpaka sura yake ya mwisho humkuta Mtume Paulo akiwa safarini kwenda Roma. Merikebu moja imevunjika penye kisiwa cha Malta. Nyingine imemshusha katika bandari ya Puteoli, naye amekaa siku saba kwa ndugu waliomkaribisha. Kisha anaishika njia ya nchi kavu, akiwa mfungwa chini ya ulinzi wa akida Yulio. Kitabu hakielezi njia ile ilikuwaje. Kinataja vituo viwili tu, Soko la Apio na Mikahawa Mitatu, ambako Wakristo wa Roma walitoka kuja kumlaki.

Darasani majina hayo mawili hupitwa upesi, kana kwamba ni majina ya hadithi. Sivyo. Soko la Apio lilikuwa mbali na Roma kiasi cha kilomita 64, na Mikahawa Mitatu kiasi cha kilomita 49. Maana yake, wale Wakristo waliokwenda mbali kuliko wenzao walitembea kama siku mbili, kwenda tu, ili wamlaki mfungwa ambaye wengi wao hawajapata kumwona uso wake. Na njia waliyoikanyaga ipo hata leo.

Njia ya Apio

Mwaka 312 kabla ya Kristo mkubwa mmoja wa Roma, jina lake Appius Claudius, aliamuru ijengwe njia kutoka mjini kwenda Capua, upande wa kusini. Kwa jina lake Waroma wakaiita Via Appia, yaani njia ya Appius, na ndiye huyo ambaye Biblia ya Kiswahili humwandika Apio. Je, sababu ya kuijenga ilikuwa nini? Ilikuwa vita. Waroma walikuwa wakipigana na Wasamniti, watu wa milimani, nao walitaka askari wao wafike upesi, masika na kiangazi, bila kuzama matopeni. Baadaye njia ikaongezwa kidogo kidogo mpaka Brindisi, bandari ya kuvukia kwenda nchi ya Wagiriki, hata urefu wake ukapita kilomita 500.

Inafaa kutazama jinsi walivyoijenga, kwa maana kila mtu aliyewahi kusukuma gari lililokwama wakati wa masika atawaelewa. Walichimba kwanza, wakashindilia mawe chini. Juu ya mawe wakatandaza kokoto na mchanga, na juu kabisa wakapanga mawe meusi yaliyotoka katika milima ya moto, kila jiwe likichongwa hata likaliane sawasawa na jirani yake. Katikati paliinuliwa kidogo ili maji ya mvua yatiririke kando na kuingia katika mifereji. Upana ulikuwa kama mita 4, nafasi ya kutosha magari mawili kupishana. Kwa kila maili ya Kiroma, ambayo ni karibu kilomita moja na nusu, walisimamisha nguzo ya jiwe, ili msafiri ajue amefika wapi. Tena penye tambarare hawakupinda. Kutoka Roma mpaka Terracina, mwendo wa karibu kilomita 90, njia huenda moja kwa moja kama uzi uliovutwa. Mifereji ndiyo siri yake kubwa. Barabara nyingi za Kivu zimekufa kwa maji kuliko kwa magari, na mafundi wa Roma walilijua jambo hilo miaka elfu mbili na mia tatu iliyopita.

Leo watu hutoka nchi nyingi kwenda kutembea katika sehemu ya kwanza ya njia hiyo, nje ya mji wa Roma. Huingia kwa lango la Mtakatifu Sebastiani, wakawa na miti ya misonobari huku na huku, na makaburi ya kale kando ya njia, kwa kuwa sheria ya Roma ilikataza kuzika wafu ndani ya mji. Liko kaburi la mwanamke mmoja wa nasaba kubwa, Caecilia Metella, la mviringo, kubwa kama ngome. Chini ya ardhi yako makaburi ya Wakristo wa zamani, yaitwayo katakombe, ya Mtakatifu Kalisto na ya Mtakatifu Sebastiani, vijia virefu vilivyochimbwa katika mwamba laini, wafu wamelazwa ukutani kushoto na kuume. Karibu na hapo pana kanisa dogo panaposimuliwa habari ya Mtume Petro kukimbia mateso na kukutana na Bwana njiani. Habari hiyo ni masimulizi ya kale, haimo katika Maandiko. Na juu ya mawe yenyewe huonekana mifuo iliyochimbwa na magurudumu. Mwezi wa Julai 2024 shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, UNESCO, liliiandika njia hiyo katika urithi wa dunia.

Hata hivyo, mtembezi anayevutwa na uzuri wa misonobari ile hana budi kujua jambo jingine. Mwaka 73 kabla ya Kristo watumwa waliofundishwa kupigana mpaka kufa ili kuwafurahisha watazamaji walitoroka huko Capua, mkuu wao akiwa Spartacus. Watumwa wengine maelfu wakajiunga nao. Waroma walipowashinda mwaka 71, waliwasulubisha mateka 6,000 kando ya njia hii, kutoka Capua mpaka Roma. Ukigawanya idadi ile kwa urefu wa njia, utapata msalaba mmoja kila baada ya hatua 40 hivi. Zaidi ya miaka 120 baadaye Paulo alipita hapo hapo, naye amefungwa, akihubiri habari ya Mmoja aliyekufa kifo cha namna ile ile. Wakristo wa Roma waliokuja kumlaki walijua vema msalaba ni kitu gani.

Njia ya wapagazi

Je, upande huu wa Afrika ilikuwapo njia kubwa ya namna hiyo? Ilikuwapo, ila haikuwa ya mawe. Ilikuwa kijia cha nyayo, chembamba, watu wakienda mmoja nyuma ya mwingine, na urefu wake kutoka Bagamoyo penye bahari ya Hindi mpaka Ujiji penye Ziwa Tanganyika ulikuwa kama kilomita 1,200, zaidi ya mara mbili ya njia ya Apio. Ilipita Mamboya na Mpwapwa, ikaingia nchi kavu ya Ugogo ambako maji ni ya taabu, ikafika Kilimatinde, kisha Unyamwezi, penye Tabora na Kwihara, halafu ikavuka mto Malagarasi kwa mitumbwi na kushuka ziwani.

Magurudumu hayakuwezekana. Mbung'o waliwaua ng'ombe na punda. Wamisionari Waingereza walijaribu magari ya ng'ombe mwaka 1877, na ng'ombe wakafa njiani. Hivyo kila kitu kilikwenda juu ya bega la mtu. Mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, alibeba frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, mbali na jamvi lake, chungu chake na chakula chake. Mbele alitangulia kirangozi, mwenye bendera, na ngoma ikilia. Waliondoka alfajiri wakapiga kambi jua likiwa kali. Kwenda bara walibeba nguo za merikani na kaniki, ushanga, na nyaya za shaba nyekundu na ya njano. Kwa watawala wa nchi walizopita walilipa hongo. Leo neno hilo ni neno la aibu, maana yake ni rushwa, lakini zamani zile lilikuwa ushuru wa wazi, uliopatanwa mchana mbele ya watu wote.

Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu. Pamoja na pembe walikwenda watumwa, wanaume wamefungwa kongwa shingoni, wanawake na watoto kwa kamba au minyororo. Wengi wao walikamatwa upande wa magharibi wa ziwa, katika Manyema na nchi za jirani, wakavushwa kwa majahazi na mitumbwi mpaka Ujiji. Aliyeshindwa kutembea aliachwa, au aliuawa. Wazee wa kwanza wa koo nyingi za pande hizi walijua kuogopa mlio wa bunduki usiku.

Vitabu huwataja sana Wazungu waliopita katika njia hiyo: Burton na Speke waliofika Ujiji Februari 1858, Livingstone, na Stanley aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Wapagazi waliowabebea chakula, vitanda na vyombo vya kupimia nyota hutajwa kwa idadi tu. Kwa kweli ndio walioijua njia. Pasipo wao Burton asingalifika hata Ugogo.

Watu hao walileta kitu kingine ambacho hakuna tajiri aliyekiandika katika daftari lake la mali. Walileta Kiswahili. Mpagazi Mnyamwezi, mwenye mali kutoka Unguja, Mmanyema na mvuvi wa ziwani walihitaji lugha moja ya kuuliza bei, maji na njia. Watu wa pwani walijiita Waungwana, na kwa jina hilo Kiswahili cha Kongo kikaitwa Kingwana kwa muda mrefu. Mbembe wa Fizi asemaye Kibembe nyumbani kwake, akifika sokoni, shuleni au kanisani hutumia Kiswahili. Lugha ambayo mkatekumeni husomewa Matendo ya Mitume ilipita kwa miguu katika kijia kile kile cha kongwa na pembe.

Tanzania iliiweka njia hiyo mwaka 2006 katika orodha ya mahali inapopendekeza paandikwe katika urithi wa dunia, vituo vyake vikiwa sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Reli ya kutoka Dar es Salaam, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wake.

Askari mmoja wa Roma

Mwezi wa Juni 1878 wamisionari 10 wa Kardinali Lavigerie, walioitwa Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao, waliondoka Bagamoyo. Nusu yao walikwenda Uganda, nusu ziwa Tanganyika. Mkuu wa kundi la Tanganyika, Padre Pascal, alikufa njiani mwezi wa Agosti, wala hakuliona ziwa. Wenzake walifika Ujiji Januari 1879. Mwaka ule ule wakaanza Rumonge, katika nchi ya Burundi. Mwaka 1880 wakavuka, wakajenga katika nchi ya Masanze, pwani ya magharibi, jirani ya Ubwari. Tarehe 4 Mei 1881 watatu wa Rumonge waliuawa, Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao D'Hoop, na misioni ile ikafungwa. Mwaka 1883 wengine wakaanza Kibanga, huko Ubwari. Wakristo wengi wa kwanza wa Kibanga walikuwa watoto waliokombolewa utumwani kwa kununuliwa. Miaka 10 baadaye, kwa sababu ya maradhi, Kibanga nayo iliachwa, na watu wake wakahamishiwa kusini, Baudouinville, mahali paitwapo leo Kirungu, karibu na Moba.

Kati ya waliokuja kuwalinda Mapadre na watoto hao alikuwamo Mfaransa mmoja, Léopold Joubert, aliyezaliwa mwaka 1842. Mtu huyu ndiye anayeziunganisha njia zote mbili za somo hili. Katika ujana wake alikuwa askari wa Baba Mtakatifu. Alijeruhiwa vitani mwaka 1860, akatumika mpaka Roma ilipotekwa mwaka 1870. Miaka 10 baada ya hapo akashika njia ya Bagamoyo kwa miguu mpaka ziwani, akakaa Masanze na Kibanga. Alirudi kwao kwa muda mfupi, kisha akaja tena, na mwaka 1887 akafika Mpala, kusini mwa ziwa, ambako alipigana miaka mingi na wakamataji wa watumwa. Watu walimwita Kapteni. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke wa nchi hii, wakakaa Mrumbi na watoto wao. Hakurudi Ulaya. Alikufa mwaka 1927, na ukoo wake ukabaki Kongo.

Hapo jina la Joubert liwekwe akilini, kwa maana litarudi penye mlima wa Fizi.

Kutoka Uvira mpaka Fizi

Mwenye kutaka kuona njia iliyo nzuri kwa macho hana haja ya kwenda Roma. Barabara ya magari itokayo Uvira kwenda Baraka ni ya karne ya 20, nayo imebanwa kati ya mlima na maji. Anayekwenda kusini huwa na ziwa mkono wa kushoto na milima ya Mitumba mkono wa kuume, na mara nyingine mlima hushuka hata barabara haina pa kukimbilia. Vijiji hufuatana: Makobola, Swima, Mboko, Nundu, Lusenda. Kila penye mto uliotoka milimani, mto huo umeleta udongo na kufanya kirasi kidogo cha tambarare, na hapo ndipo watu walipojenga, wakapanda michikichi na mihogo. Ufukweni ndagaa huanikwa juani, zikameta kama fedha iliyomwagwa. Usiku taa za wavuvi huenea juu ya maji hata mgeni hudhani ni mji.

Ziwa lenyewe lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha zaidi ya mita 1,400, la pili duniani kwa kina. Asubuhi isiyo na ukungu milima ya Burundi huonekana ng'ambo, ya buluu. Huko, karibu kuelekeana na ncha ya Ubwari, ndipo Rumonge ilipo, mahali pa wale watatu wa mwaka 1881.

Kisha Ubwari yenyewe hutokea, mlima mrefu uliolala majini. Burton na Speke walipita hapo kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858, wakienda Uvira kuuliza habari ya mto Rusizi, kama unaingia ziwani au unatoka. Walidhani Ubwari ni kisiwa. Ni rasi, imeungana na nchi upande wa kusini. Uvira wana wa mtawala waliwaambia kwamba Rusizi unaingia, jambo ambalo Livingstone na Stanley walilithibitisha kwa macho yao mwaka 1871. Wenyeji walikuwa wakilijua siku zote. Ghuba iliyo kati ya rasi na nchi kavu imeitwa katika ramani kwa jina la Burton, na kando ya ghuba hiyo, palipotulia maji, ndipo Baraka.

Katika ufuko wa Baraka kuna habari ambayo haihitaji kutafutwa vitabuni, kwa maana nyumba nyingi zinayo. Vita ilipoanza mwaka 1996, watu wa Fizi kwa maelfu waliingia katika mitumbwi na boti wakavuka kwenda Kigoma, kilomita chache kutoka Ujiji. Walipelekwa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Mababu walivushwa kwa kongwa kwenda upande ule ule. Wajukuu walivuka kwa kukimbia bunduki. Tofauti ni kwamba mara hii wengi walirudi. Kuanzia Oktoba 2005 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliwarejesha kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, nao walishuka na mabati, sufuria na watoto waliozaliwa ugenini, watoto waliosema Kiswahili cha Tanzania hata bibi zao wakacheka. Wengine hawakurudi, na wengine wamekimbia tena baadaye.

Kutoka Baraka barabara huliacha ziwa. Hupita penye mto Mutambala, ikaanza kupanda. Hewa hubadilika, michikichi hupungua, na anayegeuka nyuma penye kona huiona ghuba yote chini yake, na Ubwari, na maji makubwa upande wa kaskazini. Ni mahali panapomfaa msafiri kupumzika, hata kama dereva ana haraka. Barabara hii ilipitiwa na gari moja alasiri ya tarehe 28 Novemba 1964.

Mwaka ule palikuwa na vita vya Simba. Mapadre Waksaveri, walioingia nchi ya Uvira mwaka 1958, walikuwa na misioni Baraka na Fizi. Siku ile kamanda mmoja wa waasi alifika Baraka kwa gari, akamwamuru Bruda Vittorio Faccin apande. Bruda alikataa, akapigwa risasi hapo hapo. Padre Luigi Carrara akatoka nje. Kamanda alitaka kumchukua mpaka Fizi akauawe huko pamoja na wengine. Padre akajibu kwamba, ikiwa ni kufa, afadhali afe karibu na ndugu yake. Akapiga magoti kando ya maiti, akauawa. Kisha gari likashika njia ya mlima.

Fizi walikuwako Padre Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Abbé huyo alizaliwa mwaka 1908 huko Mrumbi, mama yake Mkongo, naye ni wa ukoo wa yule Kapteni aliyetembea kutoka Bagamoyo kuja kukaa Masanze. Usiku umekwisha kuingia gari lilipofika. Mlango ulibishwa. Padre Didonè akaufungua, akauawa, na Abbé Joubert akauawa naye.

Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa aliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri, kwa jina la Baba Mtakatifu Fransisko. Ndipo barabara ile ya Uvira, Baraka na Fizi ikawa na mashahidi wake, kama vile njia ya Apio ilivyo na wake katika katakombe.

Ya kuulizana darasani

Katekista awape wanafunzi ramani mbili, ya Italia na ya ziwa Tanganyika, au azichore ubaoni kwa chaki. Watafute Puteoli, Capua na Roma, kisha Bagamoyo, Tabora, Ujiji, Ubwari na Baraka. Wasome Matendo 28 aya ya 11 mpaka 16 na kueleza kwa nini Wakristo walitoka kwenda mbali hivyo kumlaki mtu aliyefungwa. Waeleze pia njia ya Apio ilijengwa kwa ajili ya nani, na ni akina nani waliopita baadaye. Halafu kila mmoja aende kwa wazee wa nyumbani kwake na kuuliza: Ukoo wetu ulifika hapa kwa njia gani? Nani alivuka ziwa, mwaka gani, kwa chombo cha nani? Nani hakurudi? Majibu yaletwe Jumapili ijayo, na majina ya wasiorudi yaandikwe vizuri, yasikosewe herufi.